Berkeley, Mji Ulioihoji Hamira

Katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, mtu akishinda tuzo ya Nobel hupewa nafasi yake ya kuegesha gari. Nafasi hizo zimewekewa vibao vyenye herufi NL, na ziko mahali ambapo wafanyakazi wengine huzunguka wee bila kupata pa kusimama. Binti wa marehemu dada yangu, anayesomea shahada ya uzamivu pale, alinipitisha hapo kabla hata ya kunionyesha mnara wa kengele unaoonekana kutoka kila pembe ya mji. Nilivitazama vibao vile kwa heshima. Mmoja wa waliostahili nafasi hizo ni Randy Schekman, aliyeshinda mwaka 2013 pamoja na James Rothman na Thomas Südhof. Kilichompa ushindi ni kitu ambacho kila nyumba ya kwetu pwani inacho kwenye kopo jikoni: hamira.

Nilifundisha baiolojia katika shule za sekondari za Tanga kwa muda mrefu, na muda wote huo retikulamu ya endoplazimu ilipata sentensi moja ubaoni: ni mtandao wa utando ndani ya seli, unaotengeneza na kusafirisha protini. Wanafunzi walinakili, wakakariri, wakajibu mtihani. Vitabu tulivyokuwa navyo havikuuliza swali ambalo mtoto mdadisi angeuliza mara moja. Utando ule ni wa mafuta, hata chumvi haipiti hivi hivi. Protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, mamia kwa mamia. Inapitaje? Berkeley ni mahali ambapo swali hilo liliulizwa kwa ukaidi mkubwa, na ndiyo maana mpwa wangu aliponialika sikutaka kupelekwa kwingine kwanza.

Mtu wa pwani akisikia California hufikiria jua. Mimi nilifika mwezi wa Julai nikakuta baridi ya Lushoto. Asubuhi ukungu huingia kutoka bahari kuu kupitia mlangobahari wa Golden Gate, huvuka ghuba, hufunika vilima vya mashariki, na mara nyingi hauondoki hadi karibu na adhuhuri. Ndani ya chuo kuna kichaka cha mikaratusi iliyopandwa karne ya 19 kwa mbegu za Australia, mirefu kiasi cha kuumiza shingo, na chini yake kinapita kijito chembamba. Harufu ya majani yale yakiwa na umande naijua tangu utotoni, kwa hiyo nilijikuta nakaa pale kila asubuhi kabla ya mpwa wangu kuja kunichukua.

Jambo lililonigusa mapema ni jinsi watu wanavyoitana. Mpwa wangu, ambaye hawezi kunipita mlangoni bila "Shikamoo mjomba", humwita profesa wake kwa jina la kwanza, mbele yake, na profesa huitika bila kukunja uso. Nilimuuliza kama haoni tabu.

"Mwanzoni nilikuwa nakwepa kumwita kabisa, mjomba," alisema. "Nasubiri anitazame ndiyo niseme. Mwisho nikazoea."

Akanipeleka kwenye kikao chao cha wiki, nikaketi nyuma. Mtafiti mmoja mkubwa alionyesha picha za jaribio lake, na msichana wa mwaka wa kwanza akamwambia waziwazi kwamba ushahidi ule hautoshi, kwamba kuna jaribio la kulinganishia limesahauliwa. Kwetu angetanguliza samahani tatu, na pengine angenyamaza. Mkubwa yule alifikiri kidogo, akasema ni kweli, akaandika. Mimi shikamoo sitaki ipotee, na nilifurahi kuona haijapotea kinywani mwa mpwa wangu. Lakini katika chumba ambacho jambo linalojadiliwa ni kama matokeo ni ya kweli au si ya kweli, utaratibu wao unaulinda ukweli kuliko wetu, na nadhani tunaweza kuuchukua bila kuacha adabu.

Maabara yenyewe inanukia unga ulioumuka. Sikutarajia hilo, nilitazamia dawa kali. Hamira ni ile ile ya maandazi, Saccharomyces cerevisiae, isipokuwa hii imeoteshwa kwenye visahani vya plastiki juu ya agaa. Inaonekana kama vidoa vya rangi ya krimu, kila kidoa kikiwa ukoo wa mamilioni ya seli zilizotokana na seli moja. Ikipata chakula cha kutosha kwenye nyuzi joto 30, seli moja huwa mbili kwa takriban dakika 90.

Mashine nilizoziona mle ni za fedha nyingi mno. Hata hivyo kazi ya kuitafuta seli yenye kasoro hufanywa kwa vijiti vya meno na kitambaa cha mahameli. Kijiti huchovya kidoa kimoja na kukihamishia kwenye kisahani kipya. Mahameli, iliyokwisha kuchomwa kwa mvuke hadi kila kijidudu kikafa, hulazwa juu ya kisahani kizima na kukandamizwa taratibu. Nyuzi zake huchukua chembe za kila kidoa, kisha mahameli hiyo hugongwa kwenye visahani viwili vitupu, vyote vikapata ramani ile ile. Kimoja huwekwa kwenye kabati la nyuzi 24, kingine kwenye la nyuzi 37. Vikishaota huviweka sambamba na kutafuta kidoa kilichopo huku na kukosekana kule.

"Huyo ndiye tunayemtaka," mpwa wangu alisema, akinionyesha nafasi tupu kwa ncha ya kalamu.

Nilielewa hapo hapo uzuri wa njia hiyo. Seli iliyoharibika kabisa katika kazi ya lazima hufa, na maiti haina la kukueleza. Seli yenye jeni dhaifu, inayostahimili baridi na kushindwa na joto, huishi na kuzaana hadi wewe utakapoamua. Ukipandisha joto, kazi ile moja husimama, nawe unaona kinachorundikana nyuma yake.

Schekman alipoajiriwa Berkeley mwaka 1976 alikuwa mgeni katika utafiti wa hamira, na ombi lake la kwanza la fedha kwa Taasisi za Taifa za Afya lilikataliwa. Mwaka 1979 yeye na mwanafunzi wake Peter Novick walitangaza kasoro ya kwanza, wakaiita sec1. Seli zile zikipandishwa joto hujaa vifuko vidogo vyenye vimeng'enya vilivyoshindwa kutoka nje. Kisha wakang'amua jambo lililowarahisishia kazi sana. Seli isiyoweza kutoa mizigo yake haipanuki, lakini inaendelea kutengeneza protini, kwa hiyo inakuwa nzito kwa ukubwa wake. Wakazizungusha seli kwa kasi katika kimiminika kizito, zenye kasoro zikazama chini, wakaziokota. Kufikia mwaka 1980 walikuwa na jeni 23 za njia ambayo protini hupita kutoka zinapotengenezwa hadi nje ya seli.

Mlango wa kwanza wa njia hiyo, ule wa kuingilia retikulamu ya endoplazimu, haukuwamo katika 23 hizo. Ilibidi utafutwe kwa hila nyingine, na hiyo ndiyo habari niliyoipenda kuliko zote nilizosikia safarini.

Kwanza ijulikane kwamba huko New York, katika Chuo Kikuu cha Rockefeller, Günter Blobel alikuwa amependekeza mwaka 1971 akiwa na David Sabatini, na kuonyesha kwa majaribio mwaka 1975 akiwa na Bernhard Dobberstein, kwamba protini inayotakiwa kuvuka utando huzaliwa na ishara upande wa mbele. Ishara hiyo ni kipande cha asidi amino kama 15 hadi 30, za katikati zikiwa za aina inayokimbia maji. Protini ikivuka, kwa kawaida kipande hicho hukatwa. Blobel alipewa Nobel mwaka 1999, na fedha alizopata alizitoa kujenga upya kanisa la Frauenkirche na sinagogi huko Dresden, mji aliouona akiwa mtoto kabla haujateketezwa kwa mabomu Februari 1945. Nilitamani wanafunzi wangu wangelijua hilo pamoja na ishara yenyewe.

Sasa hila. Raymond Deshaies, mwanafunzi mwingine wa Schekman, alichukua kimeng'enya ambacho seli hukihitaji katika saitoplazimu ili kugeuza histidinoli kuwa histidini, asidi amino ambayo bila hiyo seli haikui. Akakiunganishia mbele ishara ya kuvuka. Seli ikakitengeneza kimeng'enya, mlango ukaisoma ishara, kikavushwa ndani ya retikulamu kwa utiifu kamili. Seli ikabaki na njaa huku histidinoli imeizunguka pande zote, kwa sababu mfanyakazi wa kuigeuza amefungiwa chumba kisicho chake. Kisha Deshaies akauliza: katika mamilioni ya seli zenye njaa hii, ni ipi itakayoota? Itaota ile tu ambayo mlango wake una kasoro, ikashindwa kukivusha kimeng'enya chote, sehemu ikabaki nje mahali inapohitajika. Aliipanga njaa kwa namna ambayo mwenye kasoro ndiye anayeshiba. Na kwa kuwa mlango huo ni wa lazima, seli hizo hizo zikipelekwa kwenye nyuzi 37 hufa. Jeni iliyopatikana ilitangazwa mwaka 1987 kwa jina la SEC61. Kufikia mwaka 1989 ilikuwa imefuatiwa na SEC62 na SEC63.

Mpwa wangu alinieleza haya tukiwa tumekaa chini ya mnara, wakati kengele zinapigwa za saa sita mchana. Mnara ule una kengele 61. Alinitajia nambari hiyo, akatabasamu, akaendelea na maelezo yake.

Tulikula mara nyingi katika Mtaa wa Shattuck, kwenye duka la jibini na mkate liitwalo Cheese Board. Lilianza mwaka 1967, na mwaka 1971 wenye duka waliwauzia wafanyakazi wao, likawa ushirika. Tangu hapo kila mwanachama ana kura moja na ujira ni sawa kwa wote. Jirani yake kuna sehemu ya piza, nayo hupika aina moja tu kwa siku, isiyo na nyama; ukifika unakula iliyopo. Watu hupanga foleni ndefu barabarani bila kunung'unika, wanamuziki wakipiga ndani. Mimi niliyelelewa kwenye vyama vya ushirika vya katani na kahawa, nikaviona vikianguka kimoja baada ya kingine, nilisimama kwenye foleni ile nikiwaza jinsi wanavyoweza kukaa pamoja zaidi ya miaka 50. Muuzaji mmoja mwenye mvi aliniambia kuwa mikutano yao ni mirefu na ya kuchosha, na hakuna anayeruhusiwa kuikosa. Nadhani jibu lilikuwa hapo.

Mkate wa huko ni mchachu. Hawatumii hamira ya pakiti, hutunza kinyunga cha jana na kukilisha unga kila siku, na ndani yake hamira za porini huishi pamoja na bakteria wa asidi. Ganda lake ni gumu, ndani una matundu makubwa, na ulimi unahitaji siku chache kuukubali. Nilipouonja nilikumbuka mikate ya kumimina ya Ramadhani, yenye iliki na nazi, iliyoumuliwa tangu alasiri. Mpwa wangu anajaribu kuipika Berkeley kwa tui la kopo. Haifiki ya Tanga, lakini wenzake wa maabara huimaliza yote kabla haijapoa.

Tukirudi kwenye mlango wa Sec61, swali lililobaki lilikuwa la nguvu. Katika hamira kuna protini nyingi zinazovuka zikiwa bado zinatengenezwa, ribosomu ikiwa imekaa juu ya mlango, na mnyororo unaingia kadiri unavyorefuka. Hilo halikunisumbua. Zipo nyingine ambazo hukamilika kwanza katika saitoplazimu ndipo zivuke. Mfano ambao wanasayansi wameuchunguza kupita yote ni homoni ya uchumba, ambayo seli za jinsia moja ya hamira huitoa ili kuita za jinsia ya pili. Huanza ikiwa mnyororo wa asidi amino 165, huja kukatwakatwa baadaye hadi vipande vya asidi amino 13. Protini nyingine huushika mnyororo huo usijikunje kabla ya safari, kisha Sec61 huupokea ikishirikiana na Sec62 na Sec63. Nje hakuna anayesukuma. Unaingiaje?

Jibu lilikuja mwaka 1999 kutoka kwa Tom Rapoport na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard. Upande wa ndani wa mlango kuna protini iitwayo Kar2. Mpwa wangu alipoanza kunichorea, nilimkatiza nikamweleza jinsi wavuvi wa Pangani wanavyokweza mashua nzito. Wimbi huinua mashua na kuisogeza juu ya mchanga, kisha likirudi hutaka kurudi nayo. Wavuvi hawashindani na bahari. Wanangoja wimbi liinue, mashua ikisogea wanatia kabari chini yake upande wa majini. Wimbi lifuatalo likiongeza shubiri, wanatia nyingine. Mnyororo wa protini nao hautulii. Joto la kawaida huutikisa mbele na nyuma ndani ya tundu. Kila unapopenya kidogo, Kar2 huushika upande wa ndani, na kilichokwisha kuingia hakirudi. Sec63 ndiyo inayoiweka Kar2 karibu na tundu na kuiamsha ishike kwa wakati. Nishati ya seli haitumiki kusukuma. Inalipia kabari.

"Ila mjomba," alisema mpwa wangu, "kabari zetu hujiachia zenyewe baadaye zikatumika tena." Nikaongeza hilo kwenye daftari.

Siku nyingine tulitembea hadi Emeryville, mji mdogo ukingoni mwa ghuba, kusini mwa Berkeley. Palikuwa na kilima kikubwa cha makombe na makaburi cha watu wa Ohlone, wenyeji wa asili wa pwani ile, waliozika wafu wao hapo kwa muda wa karne nyingi. Leo kuna maduka ya nguo na viatu juu yake, na barabara inayopita hapo imepewa jina la kilima. Mtu aliyetembea Tongoni, akaona makaburi ya kale yamesimama na minara yake katikati ya nyasi, hawezi kupita Emeryville bila kuhuzunika. Sisi hatuyatunzi vizuri kama inavyopasa, lakini hatujayajengea duka.

Katika mji huo huo, mwaka 1981, ilianzishwa kampuni ya Chiron, na waanzilishi wake walikuwa miongoni mwa wanasayansi waliowekea hamira jeni ya protini ya ganda la kirusi cha homa ya ini B. Kabla ya hapo chanjo ilitokana na damu ya watu wenye maambukizi. Chanjo ya hamira iliidhinishwa Marekani mwaka 1986, ikiwa chanjo ya kwanza ya binadamu iliyotengenezwa kwa kuhamisha jeni. Kinga ya homa ya ini B iliyotengenezwa kwa hamira imo katika chanjo ya magonjwa matano ambayo watoto wa Tanzania na Kenya hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Wajukuu zangu wote wamechomwa. Hamira hutengenezeshwa insulini pia, na huitoa nje ya seli kwa njia ile ile inayoanzia kwenye mlango wa Sec61. Nilisimama mbele ya maji ya ghuba, ndege wa pwani wakidonoa matope, nikawafikiria watu wa kisukari ninaowajua mtaani kwetu Chumbageni.

Juu ya vilima kuna jumba la sayansi la watoto, Lawrence Hall of Science, lililofunguliwa mwaka 1968. Ukiwa uwanjani kwake, ukungu ukishatoka, unaiona ghuba yote hadi San Francisco. Nilikuta watoto wakigombea hadubini kutazama maji ya dimbwi. Schekman mwenyewe alianza hivyo. Akiwa kijana aliweka akiba ya vibarua vyake ili anunue hadubini nzuri, na wazazi wake walipokuwa wanazikopa zile senti, alipanda baiskeli hadi kituo cha polisi akaeleza kuwa ametoroka nyumbani. Hadubini ikanunuliwa, ya mtumba, na baada ya Nobel aliipeleka kwenye jumba la makumbusho la tuzo hiyo huko Stockholm. Walimu wenzangu mlioko kazini, maji ya dimbwi tunayo, hamira ya pakiti inauzwa kila kioski. Wacheni watoto waitazame kabla ya kuikariri.

Niliacha kwa makusudi jambo la mwisho nililoonyeshwa, kwa kuwa linatuhusu zaidi kuliko yote.

Mwaka 2019, Samuel Itskanov na Eunyong Park wa Berkeley walitoa umbo la mlango wa hamira ukiwa na Sec61, Sec63 na wenzao wote. Walitumia hadubini ya elektroni, protini zikiwa zimegandishwa ghafla kwa baridi kali. Mpwa wangu aliuzungusha mlango huo kwenye kioo cha kompyuta. Ni mnyororo uliopita kwenye utando mara kumi, ukaacha tundu lenye kiuno chembamba katikati, na chini ya kiuno kuna kizibo kinachosogea protini inapofika. Ubavu mmoja hufunguka pia, ili ishara ipate pa kujiegemeza ndani ya mafuta ya utando. Umbo hili limo ndani yetu karibu vile vile, na bakteria wana ndugu yake aitwaye SecY.

Mwaka 2023 kikundi hicho hicho kilitangaza maumbo mengine. Waliunda mlango wenye sehemu za binadamu na sehemu za hamira, wakautilia sumu mbalimbali zinazouzuia, wakaona kila sumu inakaa wapi. Zote zilijibana mahali pamoja, kwenye ubavu ule unaofunguka, zikauacha nusu wazi na kizibo kikiwa kimefunga. Mojawapo ya sumu hizo ni mikolaktoni.

Nilimwomba arudie jina hilo, kisha akaniambia ugonjwa wake: kidonda cha Buruli. Buruli ni Uganda, karibu na Ziwa Kyoga, ambako wagonjwa wengi walionekana miaka ya 1960. Daktari Albert Cook alikwisha kuandika kuhusu vidonda vya aina hiyo katika Hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897. Husababishwa na bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu na ukoma, naye hutoa mikolaktoni ndani ya ngozi. Sumu yenyewe ilitambuliwa mwaka 1999. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba inachofanya ni kuuziba mlango wa Sec61. Protini ambazo zingeita askari wa kinga na kuleta uvimbe wa moto hazipiti, huharibiwa hapo hapo zilipotengenezwa. Nyama hufa kimya kimya, na mgonjwa haji hospitali kwa kuwa hasikii maumivu.

Nilikaa kimya kwa muda. Kijana mmoja alipanga njaa ya hamira huko Berkeley mwaka 1987, kwa sababu tu alitaka kujua protini inapita wapi, na leo kwa sababu ya swali lake tunajua kinachomtendea mkulima wa Buruli na wa bonde la Kongo. Hakuna aliyemlazimisha aeleze faida yake kwanza. Vyuo vyetu vya Makerere, Dar es Salaam na Nairobi vina vijana wenye akili ya kupanga hila kama ile, na mashine ya kuanzia ni kijiti cha meno. Wapewe nafasi na muda, hata kabla hawajaahidi dawa.

Msomaji unayeishi karibu na mito na mabwawa ya Uganda, Kongo au magharibi mwa Kenya, ukiona uvimbe mdogo wa ngozi usiouma, au kidonda kinachotanuka bila maumivu, usikingoje kiume. Kidonda cha Buruli hutibiwa kwa vidonge vya rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8, na wanaowahi wengi hupona bila kupasuliwa.